Mawe Mawili Ndani ya Blanketi

Miaka thelathini na moja nimeuza maharage kwa mizani ya sahani mbili, na yeyote aliyewahi kununua kwangu atakwambia: kilo yangu ni kilo. Mawe yangu ya mizani ni ya chuma, mawili ya kilo mojamoja na dogo la nusu. Kila jioni nayafunga kwenye kitambaa narudi nayo nyumbani, kwa sababu sokoni kuna watu ambao wakiona jiwe la jirani limelala peke yake wanalionea huruma. Nalisema hili mapema nisije nikaonekana tapeli wa kuzaliwa. Nimeidanganya mizani mara moja tu maishani, na haikuwa ya sokoni. Ilikuwa ya hospitali.

Mjukuu wangu tunamwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Ana miaka miwili na miezi mitatu, na tangu macho yafumbuke mpaka yafumbe anaongea, ukimjibu anaongea, usipomjibu anaongea na maharage. Mama yake ni kitinda mimba wangu. Anafanya kazi mbali, anakuja mara mbili kwa mwaka. Siku aliyoniachia mtoto alinishika mikono yote miwili akasema, "Mama, sina mwingine." Alimaanisha hana mtoto mwingine, na hana mtu mwingine wa kumwachia.

Chiriku hakuwa mnene. Kikohozi kilimshika msimu wa mvua kikamla nyama, na chakula alikuwa anakichezea. Kliniki ya mwisho, mpimaji alitazama kadi, akanitazama mimi, akasema mbele ya benchi zima, "Bibi, huyu unamlisha au unamtazama?"

Wanawake wakacheka. Wawili hawakucheka, wakainamisha macho wakajifanya wanatengeneza nguo za watoto wao. Hao wawili nawakumbuka mpaka leo.

"Mwezi ujao akishuka tena," akaongeza, "naandika barua. Mama yake aje amchukue, au atafutiwe pa kulelewa."

Maneno yale nilirudi nayo nyumbani, nikalala nayo, nikaamka nayo.

Siku niliyoidanganya mizani Chiriku alinyamaza. Alikuwa amelala nyuma ya magunia, na ilipofika saa tano nikagundua kwamba asubuhi nzima sijamsikia. Nikamgusa, anawaka. Nilifunga kibanda, nikatupa mawe kwenye mfuko, nikamzungushia blanketi, nikakimbia.

Hospitali ilijaa. Foleni ya mapokezi ilitoka nje ya mlango na kuzunguka ukuta. Zamu yetu ilipofika, karani hata hakuinua kichwa. "Mning'inize hivyohivyo na blanketi lake, bibi, watu ni wengi."

Nikaiona ile mizani ya kuning'iniza, mshale wake mwekundu ukisubiri. Na kadi ya kliniki ilikuwa palepale mezani kwake. Nilichokiona mimi ni ile barua. Mkono ukafanya kazi kabla ya akili: nikatoa mawe mawili ya kilo kwenye mfuko, nikayasukuma ndani ya mkunjo wa blanketi, chini ya makalio ya mtoto. Chuma ni baridi, lakini Chiriku hakushtuka, na hilo peke yake lilitosha kunipa akili. Sikupata.

"Kumi na moja na pointi mbili," karani akasoma, akaandika. "Safi kabisa, bibi."

Ile safi ilinichoma kuliko matusi. Nikayarudisha mawe mfukoni kimyakimya.

Nilidhani uzito ni mambo ya kadi tu. Sikujua kwamba dawa nayo inapimwa kwa kilo za mgonjwa. Kwangu kijiko kilikuwa kijiko.

Daktari alimwona saa tisa alasiri. Ni malaria, alisema, imempanda. Akaandika dawa, na saa kumi akaondoka, kwa sababu anahudumia hospitali mbili na ile nyingine iko mwendo wa saa nzima. Baada ya hapo wodi ya watoto ilibaki na muuguzi mmoja, na chumba cha kujifungulia, mlango wa pili, kikabaki na mkunga mmoja. Daktari alikuwa ndani ya simu.

Yule muuguzi watu walimwita Sista Kalamu, maana kalamu yake ilikuwa imechomekwa kwenye nywele na kila mara alikuwa akiitafuta mfukoni. Vitanda vilikuwa kumi na vinane, watoto ishirini na mmoja. Nilimtazama muda mrefu, sikuwa na kazi nyingine. Taa kubwa zilipozimwa alivua ndala zake akaziweka chini ya meza, akawa anatembea kwa soksi ili asiwaamshe waliolala. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo. Akibadilisha chupa ya maji ya mshipani, alikuwa kwanza anaishika mkononi kidogo ipate joto la kiganja.

"Huyu akiolewa, mume wake hatamsikia akiingia," alininong'oneza mama wa kitanda cha jirani. Yeye tulimwita Mama Pacha, alikuwa na mapacha wanaoharisha, mmoja kila upande.

"Nimeshaolewa," Sista akajibu kutoka gizani. "Na kweli hanisikii."

Tulicheka kwa kuziba midomo.

Degedege la kwanza lilimshika Chiriku saa moja jioni. Sista akamdunga sindano, likaacha. La pili saa nne. Akamdunga tena, likaacha, lakini mtoto akabaki mzito, kama nguo iliyolowa. Saa nane usiku likaja la tatu, na hilo halikuwa na dalili ya kuondoka. Macho yalipinda juu, mkono mmoja ukawa unapigapiga godoro.

Sista alimgeuza ubavu, akaniambia nimshike hivyo, nisimtie kitu mdomoni. Akapiga simu.

Hapo ndipo ilipo desturi yao, na ndiyo iliyoniponza, au ndiyo iliyoniokoa. Agizo la daktari kwa simu halipokelewi na sikio moja. Simu inafunguliwa sauti, muuguzi anarudia hesabu neno kwa neno, na mtu wa pili anasikiliza na kusema nimesikia. Mtu wa pili huwa ni mkunga wa chumba cha pili. Sista alikwenda mlangoni akaita, na mkunga akajibu kwa sauti ya mtu mwenye mikono iliyojaa, "Kichwa kimeshatokea huku, siwezi!"

Sista akarudi. Akapiga macho wodi nzima. Mama Pacha alikuwa na mtoto kila mkono.

"Bibi, unasoma?"

"Nasoma. Nilijifunza ukubwani."

"Basi leo wewe ndiye mtu wa pili. Sikiliza namba tu."

Akaweka simu kitandani, karibu na miguu ya Chiriku. Sauti ya daktari ilitoka nzito, ya mtu aliyeamshwa. Sista akamweleza: degedege la tatu, sindano mbili zimeshapita, saa ngapi na ngapi.

"Basi tupande kwenye ile nyingine, ya mshipani," daktari akasema. "Lakini kwa uangalifu. Hiyo ikizidi inalaza mpaka pumzi, na hapo hamna mashine. Uzito wake?"

"Kumi na moja na pointi mbili."

Daktari akazidisha, akataja kiasi. Sista akakirudia, kalamu ikikimbia kwenye daftari. Akaniinulia macho.

"Bibi, umesikia?"

Ningesema nimesikia. Lilikuwa neno moja tu. Nililiona likiwa kwenye ulimi, na nyuma yake nikaiona barua, na binti yangu akishuka kwenye gari na sura ile ya siku aliyoniachia mtoto, na kitanda kitupu nyumbani. Kisha nikamtazama Chiriku. Nikakumbuka alivyo mwepesi ninapombeba mgongoni kwenda sokoni. Mkono wangu unajua kilo, jamani. Mkono wangu ulijua tangu mwanzo.

"Nimesikia," nikasema. "Lakini hizo kilo si zake."

Kalamu ya Sista ikasimama juu ya namba.

"Nani anaongea?" daktari akauliza.

"Bibi wa mtoto." Sista alipiga goti mbele yangu, uso wake ukawa sawa na wangu. "Sema, bibi. Sema haraka, halafu tutalia baadaye."

Nikasema. Mawe mawili, nikasema, ya kilo mojamoja. Blanketi zito. Na viatu alikuwa navyo. Nikasema nilikuwa naogopa kliniki watamchukua. Nilisema yote kwa pumzi moja, wodi nzima ikisikia, na nilipomaliza nikaona nimebaki mwepesi na mtupu kama gunia lililokung'utwa.

"Unajua ulichokifanya?" daktari akauliza.

"Sasa ndiyo najua, baba."

Sista alikuwa ameshainama chini ya kitanda. "Mfuko huu? Mawe ni haya? Blanketi ni hili, viatu hivi?" Akafunga yale mawe mawili na viatu pamoja ndani ya lile blanketi. "Daktari, usikate. Siwezi kuandika kwa kukisia. Napima."

"Kilo mojamoja, sista," nikamwambia. "Yamegongwa muhuri."

"Nakuamini, bibi. Lakini daftari halina sehemu ya kuandika imani."

Akakimbia na soksi zake mpaka chumba cha kujifungulia, kwenye ile mizani ndogo ya watoto wachanga. Milango ilikuwa wazi, tukasikia kila kitu. Kwanza kilio cha kichanga, kikali, kipya. Halafu sauti ya mkunga.

"Wa kwangu ndiyo kwanza katoka, wewe unaniletea wa pili? Na mbona halii?"

"Huyu ni wa chuma. Nipishe nimpime."

"Makubwa! Haya, mweke. Kilo mbili na pointi saba. Mtoto mzuri kabisa, mpe hongera mama yake."

Mama Pacha akapasuka kicheko, akakimeza, akanitazama kwa hofu kwamba ameniumiza. Hakuniumiza. Kile kicheko ndicho kilichonishika nisianguke.

Wakati huo simu ilikuwa bado iko wazi pale kitandani. Daktari alikohoa.

"Bibi."

"Naam."

"Shikamoo. Sikukusalimia."

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu, na ndipo machozi yakanitoka.

Sista akarudi anahema. Kumi na moja na pointi mbili, toa mbili na pointi saba, inabaki nane na nusu. Akamwambia pia daktari kwamba zile sindano mbili za mwanzo zilipigwa kwa uzito wa uongo, kwa hiyo mtoto tayari ana dawa ya ziada mwilini. Hakusema kwa sababu ya bibi. Alisema tu, zilipigwa. Daktari akapiga hesabu upya, akashusha sana, akasema iingizwe polepole kwa kutazama saa, na pumzi zihesabiwe kila dakika mpaka kupambazuke. Sista akarudia. Akanitazama.

"Nimesikia," nikasema, na safari hii nilikuwa nimesikia kweli.

Dawa iliingia tone kwa tone. Mkono wa Chiriku ukapiga godoro, ukapiga, ukachelewa, ukatulia. Macho yakarudi mahali pake, yakafumba.

"Sasa kazi ni hii," Sista akasema. "Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Mimi nina watoto ishirini wengine, yule wa kitanda cha tisa maji yake yamegoma. Nitakuwa humuhumu. Zikishuka chini ya kumi na nane kwa dakika, niite, hata ukiniona nimelala kwa kusimama." Akafungua ile saa yake ya kifuani, akaibandua kwenye sare, akanipa.

Nilianza kuhesabu nikapotea. Nikaanza tena nikapotea. Sokoni nahesabu huku nagombana na wateja wawili na sikosei, lakini kuhesabu pumzi za mtoto wako ni kitu kingine. Mama Pacha akaona. Alilaza mapacha wake, akavuta stuli, akachukua saa mkononi mwangu.

"Mimi nitatazama mshale, wewe tazama kifua."

Nikaingiza mkono kwenye mfuko wangu wa sokoni, na chini kabisa, kwenye mshono, nikakuta maharage yaliyomwagika. Nikayamimina mapajani. Kila pumzi, harage moja kutoka paja la kushoto kwenda la kulia.

"Dakika," Mama Pacha akisema, nahesabu la kulia. Ishirini na nane. Ishirini na sita. Ishirini na sita. Sista akipita anaandika, anagusa paji la uso la mtoto, anakwenda. Ishirini na nne.

"Mnacheza bao au mnauguza?" mkunga alituuliza, alipochungulia mlangoni na aproni yake. Akaniona uso, akaacha mzaha, akaingia akanifunika shali lake mabegani. "Mama, mficha uchi hazai. Umeshauonyesha, basi. Tulia."

Saa kumi kasoro, maharage yalikuwa ishirini. Dakika iliyofuata, kumi na manane. Iliyofuata, kumi na matatu.

"Sista!"

Hata sikumsikia akija. Alimsugua Chiriku kifuani kwa vifundo vya vidole, akamwita, hakuamka. Akachukua ule mpira wa kupulizia wenye kifuniko cha uso, uliokuwa tayari kando ya mto tangu saa nane, akafunika pua na mdomo, akawa anauminya. Kifua kikapanda kwa nguvu ya mkono wake. Kikashuka. Kikapanda.

"Hesabu, bibi, usiache. Za kwangu na za kwake."

Sijui ilikuwa muda gani. Daftari linasema dakika kumi na moja. Mkunga alikwenda kwa watoto wengine badala ya Sista, akimwacha mzazi wake mpya na kichanga chake wamelala. Mama Pacha alishika saa kwa mikono miwili kama kikombe kilichojaa. Na mimi nilihamisha maharage, moja kwa mkono wa Sista, moja kwa mkono wa Sista, mpaka nikaona moja ambalo si la mkono wake. Aliinua mpira. Tukangoja. Kifua kikapanda chenyewe.

"Hilo ni lake," nikasema.

Kisha lingine. Kumi na manane. Ishirini na moja. Sista alikaa ukingoni mwa kitanda kwa mara ya kwanza usiku ule, akafuta jasho, akaanza kutafuta kalamu mfukoni.

"Iko kichwani, mwanangu," nikamwambia.

Kulipokucha Chiriku alifungua macho. Alitazama dari, akatazama chupa, akanitazama mimi na maharage yangu.

"Bibi, nani kamwaga?"

Mama Pacha ndiye aliyelia. Mimi nilikuwa nimeshamaliza.

Sista alikaa mezani kuandika ripoti ya zamu, nami nikasimama mbele yake kama mtoto wa shule. Nilimwambia najua lazima aandike. Akasema ndiyo, lazima. Nikamwuliza, "Na ile barua ya kliniki?"

"Barua ya kliniki nitaiandika mimi, kabla hawajakuandikia wao."

Nilishika ukingo wa meza. Hakuona, au alijifanya hakuona. Aliandika muda mrefu, akaigeuza karatasi ili niisome mwenyewe, na akangoja, maana mimi nasoma taratibu. Ilisema uzito wa mapokezi haukuwa sahihi, na kwamba mtoto apimwe upya bila nguo. Ilisema bibi alitoa taarifa mwenyewe kwa wakati, na alihesabu pumzi za mtoto kwa saa nne bila kusinzia. Ilisema mtoto aandikishwe kwenye chakula cha lishe kinachotolewa pale kliniki kwa watoto waliopungua, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia kwamba lipo. Mstari wa mwisho ulisema: Nashauri mtoto abaki na bibi yake.

"Daktari akija atasaini, au hatasaini," akaniambia. "Siwezi kukuahidi kalamu ya mtu mwingine."

Daktari aliingia saa mbili, kijana kuliko sauti yake, na macho mekundu. Alimpima Chiriku, akasikiliza kifua. Chiriku akamwambia mpira wake wa masikio ni mbaya. Akasoma barua amesimama. Akasoma tena. Akaniomba nimwonyeshe yale mawe. Nilimpa, akayapima mkononi, moja huku, moja huku, akatikisa kichwa.

"Usiku kucha nilikuwa nafikiria," akasema, "ungesema nimesikia, na mimi ningerudi kulala."

Akasaini.

Tulikaa hospitali siku nne zaidi. Siku ya kutoka tulipita mapokezi kwa yule karani, mtoto apimwe upya kama barua ilivyosema, na foleni ilikuwa ileile, imezunguka ukuta. "Mning'inize hivyohivyo, bibi," akasema.

"Hapana, baba. Subiri."

Nilimvua Chiriku blanketi. Nikamvua viatu, soksi, gauni, chupi, mpaka akabaki kama alivyozaliwa, akipiga kelele kwamba watu wanamwona. Watu wakaguna nyuma, mmoja akauliza kama leo tutafika. Nikamning'iniza, nikarudi nyuma hatua mbili, mikono nikaiweka mahali ambapo kila mtu anaiona. Mshale ukatetemeka, ukatulia.

Karani alifungua mdomo asome, nikamtangulia, kwa sauti ile ninayotangazia kilo sokoni:

"Nane na pointi tatu!"